Mgongo wa Ua: Mhadhara juu ya Kuyapiga Picha na Kuyatambua Maua ya Jangwani

Uliosomwa mbele ya jamaa wasemao Kiswahili waishio Durban

Ndugu zangu mliotoka Mombasa na Unguja, Dar es Salaam na Bukavu, na ninyi mliozaliwa papa hapa mkakipokea Kiswahili vinywani mwa wazee wenu:

Mmenipa heshima ya kusimama mbele yenu jioni hii ili niseme juu ya safari zangu za kwenda Namaqualand, pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi hii, kuyapiga picha maua yaotayo jangwani na kuyatafutia majina yake. Najua kwamba wengi wenu mtaona ajabu mtu kukaa katika mji huu, ambao mvua yake kwa mwaka hufika milimita 1,000, ambamo hata nyufa za kuta huota majani, kisha akaiacha neema yote hiyo na kusafiri kilomita zaidi ya 1,500 kwenda kutafuta maua mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 200, na pengine haifiki hata 100. Mimi mwenyewe niliona ajabu nilipoalikwa mara ya kwanza, nikaenda kwa sababu ya kuwaridhi wenzangu tu, na sasa sioni mwezi wa Agosti ukikaribia bila ya moyo wangu kuanza kufunga mizigo.

Tena mimi, kama walivyo wengi wa watu wa pwani, sikulelewa kulitazama ua, nililelewa kulinusa. Kwetu ua ni asumini lililotungwa alasiri likavaliwa usiku, ni kilua, ni mlangilangi, ni kikuba cha mrehani kifuani mwa bibi arusi, na thamani yake imo katika harufu na katika mkono uliolitoa. Na mmea usionukia, usioliwa, usiotibu wala usiojenga, tumezoea kuupita bila ya salamu na kuuita majani, au magugu ikiwa umeota shambani. Kwa muda mrefu nilidhani upungufu huo ni wa lugha, mpaka nilipoisoma kamusi ya Padri Charles Sacleux, iliyoanza kuchapwa Paris mwaka 1939. Padri yule, alipokuwa akikaa Unguja na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akikusanya mimea na maneno pamoja, akikausha tawi na kuandika jina lake kama alivyolisikia kwa wenyeji, na kwa ajili hiyo kamusi yake imejaa majina ya miti na majani ambayo wengi wetu leo hatuwezi kuyaelekeza kwa kidole. Wazee wetu waliyaona, wakayataja. Ni sisi tulioacha kuinama.

Namaqualand si jangwa la mchanga mtupu kama lile la Rubu al-Khali wanalolijua jamaa zetu walioko Oman. Ni nchi ya majabali ya rangi ya kutu, mabonde ya changarawe na vichaka vifupi vyenye majani manono yaliyojaa maji, na wataalamu wameihesabia aina zaidi ya 3,000 za mimea, ambazo nyingi hazioti mahali pengine popote duniani. Siri ya wingi huo ni kwamba mvua yake, ingawa ni haba, ni mvua ya muamana. Huku kwetu Durban mvua kubwa hunyesha wakati wa joto, bali kule hunyesha wakati wa baridi, kuanzia kama mwezi wa Mei, ikiletwa na pepo zitokazo bahari ya Atlantiki. Na kwa kuwa jua la majira hayo ni dhaifu, na ukungu wa bahari, iliyopozwa na mkondo baridi wa Benguela, huingia bara alfajiri na kuilowesha ardhi, maji machache hayakaushwi upesi, na mbegu iliyolala mchangani hupata miezi miwili mitatu ya kuota, kukua, kuchanua na kuzaa kabla ya joto kurudi. Wala mbegu haziamki zote kwa pamoja. Sehemu huitikia mvua ya mwaka huu na sehemu hubaki usingizini zikingojea ya mwakani au ya mwaka wa tatu, kama mfanyabiashara mwenye busara asiyepakia mali yake yote katika jahazi moja.

Safari yetu ya kwanza ilipita Bloemfontein, Kimberley na Upington, na kutoka hapo tukafuata ile njia ndefu ya magharibi ambayo mtu hutazama mbele saa nzima asione kitu kilichobadilika, hata tukaingia Springbok jua limekwisha kuzama. Asubuhi yake, kwa pupa ya wageni, tulikuwa mabondeni saa moja unusu na kamera zetu shingoni, na hatukuona ua hata moja. Tuliona vikonyo vilivyosimama vimefumba vichwa, kijivu na kahawia, kama mji uliofunga madirisha. Mama mmoja mwenyeji, aliyetuongoza siku zote nne kwa upole mkubwa, alituambia tukanywe chai kwanza, kwa kuwa maua ya huko hayafumbuki mpaka jua liwe limepanda na ardhi imepata moto, yaani baina ya saa nne na saa tano, na ifikapo saa tisa au saa kumi huanza kufumba tena. Na siku ya mawingu au ya upepo wa baridi huenda yasifumbuke kamwe. Akatufundisha na jambo la pili, ambalo kwa mtu aliyezaliwa karibu na Ikweta, aliyezoea kuona jua likipita mara upande huu na mara upande ule wa paa lake, si jambo la kulikisia: kule jua la majira hayo hupita upande wa kaskazini, na maua yote huligeuzia nyuso, basi atakaye kuyaona yakimtazama hana budi kusafiri kutoka kaskazini kwenda kusini, na jua mgongoni mwake. Wale waliokuja kwa njia ya kinyume tulikutana nao barabarani wakilalamika kwamba maua mwaka ule yalikuwa hafifu. Walikuwa wameyaona visogo.

Saa tano ilipofika bonde lile lilifumbuka, na mimi sitajaribu kulisifu, maana rangi ya machungwa iliyotandazwa kutoka ukingo wa njia mpaka miguu ya mlima, hata macho yakauma kama ya mtu aliyetazama taa, haisimuliki. Nilipiga picha kama mtu aliyepagawa. Nilisimama, nikainamisha kamera, nikapiga; nikasogea hatua tatu, nikapiga tena; na jioni nilipohesabu nilikuwa na picha mia tatu na zaidi, zote za ua lililotazamwa kutoka juu, duara la machungwa na kiini chenye giza, nzuri kila moja, nami nikalala nikiwa na furaha.

Niliporudi Durban nilimpelekea picha zile mzee mmoja, mwanachuoni wa mimea, ambaye umri wake wote umepita baina ya karatasi za mimea mikavu, nikamwomba anitajie majina. Alizitazama moja moja kwa adabu, bila ya kuharakisha, akafika kama ya arobaini, akaivua miwani yake, akaniuliza swali moja tu: mgongo wa ua uko wapi? Sikumfahamu. Akanieleza kwamba katika picha zangu huenda kuna aina moja au huenda kuna sita, na kwamba yeye hawezi kuapa juu ya hata moja, kwa sababu mimi niliyatazama maua yale mahali pale ambapo yote yamekubaliana kufanana, na sikuyatazama hata mara moja mahali yanapohitilafiana.

Kwa hakika hilo ndilo jambo nililokuja kulisema usiku huu, na mengine yote ni maelezo yake. Maua yale ni ndugu wa alizeti, na kama alizeti lilivyo, kile tunachokiita ua moja ni kusanyiko la maua mengi: vile tuvionavyo kama petali ni vijiua vya ukingoni, kila kimoja na ulimi wake mmoja mrefu, na kile kiini ni umati wa vijiua vidogo vilivyosimama bega kwa bega, na kusanyiko zima limeshikwa kwa chini na vijani vya kijani kama yai katika kikombe chake. Rangi imewekwa kwa ajili ya wadudu, na wadudu wa bonde moja wana mapenzi yanayofanana, basi koo mbalimbali za mimea huvaa vazi moja kwa kuwavuta wageni walewale. Bali kikombe kile cha chini, ambacho mdudu hakitazami, kimebaki kueleza nasaba. Lile waliitalo gousblom la Namaqualand, ambalo jina lake la kitaalamu ni Dimorphotheca sinuata, vijani vyake vimepangwa safu moja tu, vyembamba na sawasawa. Ursinia, lililo jirani yake na lenye rangi ileile ya machungwa na mara nyingi duara lilelile la giza karibu na kiini, vijani vyake vimepandana safu kwa safu, na vile vya ndani vina ncha pana, nyembamba kama karatasi, zinazopenywa na mwanga. Gazania nalo vijani vyake vimeungana vikawa kikombe kimoja hasa, na ukikivunja kikonyo chake hutoka utomvu mweupe. Haya yote huonekana kwa kulishika ua kwa vidole viwili na kulipindua, kazi ya nukta chache, na mimi nilikuwa nimesafiri kilomita 1,500 nisiifanye.

Basi nitasema namna nipigavyo picha sasa, na nitaomba radhi kwa wale wasiopenda habari za kamera. Kwanza huupiga mmea mzima pale uliposimama, pamoja na udongo wake na jirani zake, kwa kuwa huenda udongo ndio peke yake unaoutenga mmea upendao mchanga na ule upendao ufa wa jiwe. Kisha hupiga magoti, au hulala kifudifudi ikiwa ardhi inaruhusu, nikalipiga ua usoni, ubavuni na mgongoni. Kisha jani, la chini na la juu kwa sababu mara nyingi hayafanani, nikiligeuza nione kama upande wake wa ndani una manyoya. Kisha kikonyo, na tunda likiwako, na kando yake huweka sarafu ili atakayeitazama picha ajue kipimo. Dimorphotheca, kwa mfano, maana ya jina lake katika Kiyunani ni matunda ya sura mbili, kwa kuwa vijiua vya katikati huzaa mbegu bapa zenye mbawa, zichukuliwazo na upepo mbali, na vile vya ukingoni huzaa mbegu ngumu zisizo na mbawa, ambazo huanguka papo hapo. Na mwenye kupiga picha ya tunda hilo hana haja ya kumsumbua mwanachuoni yeyote.

Kuna na taabu ya mwanga. Rangi kali ya machungwa, chini ya jua la adhuhuri, huizidi nguvu kamera, na picha hutoka ikiwa doa tupu lisilo na mishipa wala kivuli. Mimi huchukua kitambaa cheupe chepesi, nikamwomba mwenzangu akitande baina ya ua na jua, na papo hapo kila mstari wa petali hurudi mahali pake. Kinyume chake, penye kokoto nyeupe kamera hudanganyika ikadhani mwanga umezidi, ikatia kila kitu giza, basi hapo ni lazima kuiongezea mwanga kwa makusudi. Upepo hauna dawa ila subira. Mtu mwenye simu ya mkononi tu asidhani amenyimwa. Nimeona picha za simu zilizotosha kabisa kwa utambuzi, kwa sababu aliyezipiga alipiga magoti, na nimeona za kamera ya bei kubwa zisizofaa kitu, nazo ni zangu mwenyewe.

Siku hizi zipo programu zinazopokea picha na kurudisha jina kabla hujaivua kofia, na uko mtandao wa iNaturalist ambao watu wa nchi hii wanautumia sana, wakiweka picha, mahali na tarehe, na wajuzi wakajadiliana juu ya jina mpaka wakakubaliana. Naupenda sana, nami nimejifunza mengi kwa ikhtilafu zao kuliko kwa vitabu. Walakini jibu la kwanza la mashine ni dhana, si yakini, na mwenye kulinakili kama lilivyo bila ya kulipindua ua mwenyewe amechukua ushahidi wa mtu asiyekuwako.

Ndugu zangu, jina si jambo dogo, na katika mji huu sihitaji kwenda mbali kulithibitisha. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, na upande wa Waingereza aliyekuwa akishughulika naye ni John Kirk, mtu ambaye kabla ya ubalozi alikuwa mtaalamu wa mimea: alifuatana na Livingstone katika msafara wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, akakusanya mimea, na akapiga picha za miti na mandhari katika siku ambazo kupiga picha porini kulihitaji sanduku zima la dawa na maji safi, na mpira wa msituni wa pwani yetu, Landolphia kirkii, unachukua jina lake hata leo. Mwaka uleule wa 1873, mwezi wa Agosti, manowari ya Waingereza iliwateremsha hapa Durban watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa, na wengine wakafuata mpaka kama mwaka 1880, na kwa kuwa walitokea upande wa Unguja waliandikwa na kuitwa Wazanzibari. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Walikaa pale Bluff, katika Kings Rest, wakashika dini yao na lugha yao. Na serikali ya ubaguzi ilipokuja kuwapanga watu kama bidhaa kwenye rafu, jina lile lililotokana na bandari likawatia katika daftari la Waasia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaondolewa Bluff wakapelekwa Chatsworth. Wapo miongoni mwenu wajukuu na vitukuu vyao, nao wanaijua habari hii kuliko niijuavyo mimi. Naitaja kwa sababu yule mtu aliyeweza kuipa kila kamba ya msituni jina lake kwa kuchunguza ua na tunda alikuwa Unguja wakati wanadamu wale walipopakiwa merikebuni, na wao waliandikwa kwa kutazamwa kutoka juu.

Majina ya wenyeji nayo yana elimu yake. Uko kule mti wa shina nene na matawi yagawanyikayo mawili mawili, wenye gome la dhahabu lililopasuka, ambao Waafrikana wanauita kokerboom, yaani mti wa podo, kwa kuwa Wasani walikuwa wakiyatoboa matawi yake na kuyafanya podo za mishale. Mwaka 1685 kamanda Simon van der Stel alipokwenda kutafuta shaba katika milima iliyo karibu na Springbok ya leo, alifuatana na mchoraji, Hendrik Claudius, na mti huo ni miongoni mwa iliyochorwa katika msafara ule. Picha ya mkono ndiyo iliyokuwa kamera yao. Kwa muda mrefu wataalamu waliuita Aloe dichotoma, na mwaka 2013 wakauhamisha kwa Aloidendron. Wako wanaokasirika kwa mabadiliko kama haya. Mimi sikasiriki: mtu aliyekosea jina la mwenzake akajirekebisha amemstahi. Lakini tangu siku hizo zote, hakuna aliyeukosea kwa jina la podo.

Sasa niseme neno ambalo wenye mahoteli ya kule huenda wasilipende. Lile zulia la machungwa, ambalo watu hulifuata kwa mabasi, aghalabu hutandazwa juu ya ardhi iliyowahi kulimwa. Mashuhuri kuliko yote, lile la Skilpad katika hifadhi ya Namaqua karibu na Kamieskroon, liko juu ya mashamba ya zamani ya ngano. Jembe liliviondoa vichaka vya miaka mingi, na maua ya mwaka mmoja yakapata uwanja. Ni zuri, na kila mwenye uwezo na aende akalione. Hata hivyo, ukitaka kuijua nchi ile, nenda kusini zaidi, karibu na Vanrhynsdorp, katika tambarare iitwayo Knersvlakte, ambako ardhi imefunikwa na kokoto za jiwe jeupe kama chumvi, na kwa mbali hakuna kitu kabisa. Hapo nilikaa chini kupumzika, na baada ya muda, nilipokuwa nimekwisha kukata tamaa, kokoto moja karibu na kiatu changu ikawa si kokoto. Ilikuwa majani mawili manene yaliyobanana kama viganja vya mtu aombaye, yenye rangi ya fedha, na katikati ya ufa wake ua la zambarau. Nilipoinua macho niliyaona mengine, na mengine, kila upande, na nikaogopa hata kuinua mguu. Wa jamaa hiyohiyo ya mawe yenye uhai ndio ule ambao msafiri Burchell aliuokota mwaka 1811 karibu na Prieska akidhani ni jiwe la ajabu tu, kisha akaona kwamba ni mmea.

Na kuna ua ambalo nilikwenda kulitafuta kwa makusudi. Gorteria diffusa ni ua dogo la machungwa, ndugu wa yale mengine, ambalo kwenye baadhi ya petali zake kuna madoa meusi yaliyoinuka, yanayong'aa, na kutoka mbali mtu huapa kwamba nzi wametua juu yake. Wapo nzi hasa, aina ya Megapalpus, wanaolizuru. Na Allan Ellis, pamoja na Steven Johnson aliye wa chuo kikuu cha jimbo letu hili, huko Pietermaritzburg, walionyesha katika makala ya mwaka 2010 kwamba katika sura fulani za ua hilo nzi dume hulipanda doa akidhani ni jike, na kwa hangaiko lake huondoka amejaa chavua. Nilimngojea nzi huyo kwa saa mbili, nikiwa nimelala ubavu, na alipotua nilishindwa kujua ni lipi doa na yupi nzi mpaka mmoja alipotembea. Picha niliyoipata imetikisika, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Nimebakiza jambo la amana. Mimea ile midogo ya Knersvlakte na ya Richtersveld, hasa ile iitwayo Conophytum, imepata wapenzi mbali ambao hupenda kuwa nayo kwenye vyungu vyao, na tangu mwaka 2019 wizi umezidi kwa kiasi cha kutisha: mamia ya maelfu ya mimea imekamatwa kabla ya kusafirishwa ng'ambo, iliyong'olewa kwa bisibisi na vijana wasio na kazi ambao hulipwa sehemu ndogo tu ya bei yake, ilhali mingine ya mimea hiyo ina umri mkubwa kuliko wao, na makazi ya aina nzima huenda ni mteremko mmoja wa kilima. Picha ipigwayo kwa simu hubeba ndani yake, bila ya wewe kuona, kipimo cha mahali pale hasa ulipopiga magoti. Ule mtandao nilioutaja hupaficha mahali pa mmea ulio hatarini, ukaonyesha tu eneo pana la mamia ya kilomita za mraba. Lakini wewe mwenyewe ukiirusha picha hiyo kwa marafiki, na rafiki akairusha kwa rafiki yake, hapana atakayeificha. Ushahidi haupungui kwa kuwekewa sitara. Tarehe iandike, udongo uandike, jirani zake uwaandike, na mahali uwape wale wanaoulinda peke yao.

Wasioweza kusafiri wasihuzunike. Kwenye matuta ya mchanga ya pwani yetu, Bluff ikiwa mojawapo, unatambaa mmea wenye majani ya pembe tatu, manono, na maua ya waridi iliyokolea, Carpobrotus dimidiatus, ambao ni wa jamaa moja na yale mawe yenye uhai. Waafrikana huiita jamaa yote hiyo vygie, maana yake tini dogo, na tunda la huu wa kwetu laliwa. Nao ule mmea utambaao karibu na maji ya bahari kuanzia Lamu mpaka Mtwara, wenye majani kama vidole vilivyonona na viua vya zambarau hafifu, ni ndugu yao pia. Nendeni asubuhi moja, mkae nao chini.

Mwaka uliofuata safari ile ya kwanza nilirudi Namaqualand wiki ileile, bonde lilelile, na mama yule akatupokea kwa chai. Mvua haikuwa imenyesha. Palikuwa na mchanga, mabua makavu ya mwaka uliopita yaliyolala upande mmoja, na alama za miguu ya kondoo. Wenzangu walibaki garini. Mimi nilishuka, nikapatafuta pale niliposimama siku ile na picha zangu mia tatu, nikapiga magoti, nikaupiga picha mchanga, na sarafu kando yake, nikaandika tarehe na saa. Nilipouteka kidogo kiganjani niliziona mbegu mbili: moja ilikuwa na mbawa, na moja haikuwa nazo. Nikazipiga picha, nikazirudisha.